"Nikupe Ya Ngapi?" Swali Moja Dukani Linaloua Pijo za Ukambani

Maze, hebu tuongee ukweli. Krisi imefika, uko ocha. Labda Mutomo, labda Kibwezi, labda kule juu Nunguni kwa baridi. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuna ile Pijo 504 ya buda. Kuku wamelala kwa bodi ya nyuma, taa moja imepasuka, lakini ukifungua boneti injini iko pale pale. Buda anakuangalia, anacheka: "Ukiifufua, ni yako."

Unaingia mtandaoni, unaona wasee wa Nairobi wakiposti gari za zamani zimeng'arishwa hadi unajiona kwa rangi. Unasema, hii ndio time. Unabeba jerikeni ya petroli, betri ya kuomba, na unapitia kwa duka la spea Wote ama Kitui town kuchukua oili. Muuzaji anakuuliza swali moja tu: "Nikupe ya ngapi?"

Anamaanisha bei. Na wewe unamjibu kwa bei.

Hapo ndipo injini ya buda inapoanza kufa. Si kwa barabara, si kwa umri, ni kwa hilo jibu. Leo tunachambua kwa nini hii stori ya oili, ambayo inakaa ya mafundi na wazee, ni stori yako kabisa mwaka huu.

Kwa nini sasa?

Angalia bei ya gari yard. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha wa gari zinazoingia Kenya ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Hapo bado hujaongeza ushuru wa bidhaa, VAT na zile ada zingine. Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua KSh 5,000 na isiyozidi KSh 100,000. Pendekezo hilo liliangushwa Juni, wakati vijana walikuwa wameanza kujaa barabarani. Lakini ujumbe ulikuwa umefika: kumiliki gari Kenya si mchezo.

Halafu kuna sheria ya miaka minane. Gari kuukuu kuliko hapo haliruhusiwi kuingia nchini. Kwa hivyo usitarajie meli ilete Datsun 1200 ama 504 nyingine pale Mombasa. Zile ziko ndizo hizo. Ikifa moja ya kwenu, imeenda.

Na Ukambani hizi gari hazikuwa urembo. Pijo 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya, ikashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Datsun Violet ikachukua kutoka 1979 hadi 1982 mikononi mwa Shekhar Mehta. Wazee wetu hawakununua hizo gari kwa sababu ya matangazo, waliona zikipita kwa vumbi na zikimaliza. Pikapu ya 504 ilibeba ndengu, maembe, mbuzi, wagonjwa na maharusi. Kuna watu wengi wamesomeshwa na hiyo pikapu.

Kwa hivyo kijana wa leo ana sababu mbili za kufufua gari mzee: mapenzi na hesabu. Mapenzi ni ya picha. Hesabu ni kwamba pikapu nzima inaweza kubeba maembe msimu ukifika na ikulipe. Lakini hesabu inaharibika siku injini inafunguliwa, kwa sababu spea zake hazijai kwa kila rafu kama za Probox.

Injini ya mzee si ya Vitz

Kosa la kwanza la watu wengi, hasa wenye nia nzuri, ni kununua oili ghali zaidi kwa duka. Unaona kopo limeandikwa 5W-30, sinthetiki, API SP, bei iko juu, unasema buda anastahili kitu safi. Nia poa, oili si yake.

Ndani ya 504, Datsun 1200 ama Corolla KE70, ile tuliita DX, kuna chuma kirefu kinaitwa kamshafti. Kinazunguka na kusukuma vyuma vidogo, tapeti, ambazo nazo zinafungua valvu kupitia fito ndefu. Pale kamshafti inakutana na tapeti ni chuma kwa chuma, sehemu ndogo kama ukucha, na springi ngumu zinabana. Injini nyingi za kisasa zimewekewa rola pale, kwa hivyo chuma kinabingirika. Kwa mzee, chuma kinasugua.

Kitu kinachozuia hicho chuma kisilane ni dawa ndani ya oili, mchanganyiko wa zinki na fosforasi. Joto na presha zikipanda, dawa hiyo inatengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma, na inakubali kusuguliwa yenyewe kwa niaba ya injini. Oili za zamani zilikuwa nayo ya kutosha.

Shida ikaja na gari mpya. Fosforasi inaharibu kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi. Kwa hivyo kuanzia daraja la API SM, mwaka wa 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo: fosforasi isizidi asilimia 0.08. Kwa Vitz, hiyo ni sawa kabisa. Kwa kamshafti ya mzee, hasa kama injini imetoka kufunguliwa na vyuma bado havijazoeana, hiyo ni kumnyima mgonjwa dawa kisha unampongeza kwa kuvaa suti.

Cheki hapa: kikomo hicho kinabana hizo oili nyepesi. 20W-50 haibanwi nacho. Ndio maana oili ambayo fundi wa Kalundu atakutajia bila kufikiria mara mbili, 20W-50, mara nyingi ndiyo jibu. Fundi anaweza kuwa hajawahi kusikia fosforasi, lakini amefungua injini za kutosha kujua.

Soma lebo kama WhatsApp ya ex

Kopo la oili lina vitu viwili vya kusoma. Rangi na picha ya gari la mashindano ni pambo tu.

Cha kwanza ni namba za SAE. Kwa 20W-50, ile namba iko na W inakuambia oili inajibeba vipi kukiwa na baridi. Ya pili inakuambia inabaki nzito kiasi gani ikishapata moto wa nyuzi 100. Oili ya 0W imetengenezewa mtu anayewasha gari kwa theluji. Asubuhi ya Makindu haina theluji, na saa nane mchana kunapita nyuzi 30 miezi ya joto. Kitu unahitaji pale ni ile namba ya pili iwe imesimama. Injini iliyochapa kidogo ina nafasi kubwa kati ya vyuma vyake, na oili nyepesi ikipata moto inapita tu kama maji. Utaona taa ya oili inaanza kukonyeza gari likisimama huku injini imechemka baada ya mlima. Hiyo taa haikutanii.

Kama injini imefunguliwa vizuri juzi na bado imebana, ama gari linaishi kwa baridi ya Mbooni na Kilungu, 15W-40 inafanya kazi fiti. Kwa ile imezeeka ikifanya kazi Kibwezi, Mtito Andei, Ikutha ama Mwingi, kaa na 20W-50.

Cha pili ni herufi za API. Zikianza na S ni za petroli, zikianza na C ni za dizeli. Herufi inayofuata inapanda na miaka. SA ni ya injini za hadi 1930, SB za hadi 1951. SC inaishia 1967, SD 1971, SE 1979 na SF 1988. Kwa hivyo ukiona oili bei rahisi imeandikwa SC na gari lako ni la 1984, unavalisha mtu mzima uniform ya nasari. Tafuta SF kwenda juu, kwa uzito wa 20W-50. SG, SJ na SL zote ni sawa.

Kwa Land Rover ama 504 ya dizeli, angalia upande wa C: 15W-40 ya CF-4 ama CI-4. Oili hizi za dizeli huwa na ile dawa ya zinki kwa wingi, na kopo nyingi zina herufi mbili, kwa mfano CI-4/SL. Ukiona zote mbili, inaweza kuingia hata kwa petroli ya mzee bila ubaya.

Na wale wa Beetle, nyinyi mko na kesi yenu. Injini yenu haina maji, hewa na oili ndizo zinaipoza. Inabeba lita mbili na nusu tu, na haina filta ya kubadilisha, ni wavu wa kuosha. Oili kidogo, kazi nyingi. Usichelewe kumwaga hata kidogo.

Vumbi la Ukambani halisamehe

Tusidanganyane, lami imekuja. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ni lami, na wale waliopitia huko zamani wanajua mgongo wao ulikuwa unasema nini. Lakini ukitoka kwa lami, ni murram na mchanga, na hapo ndipo kazi ya pikapu iko.

Vumbi linaingia kwa injini kupitia filta ya hewa mbovu, linachanganyika na oili na kugeuka msasa. Oili ya bei yoyote haiwezi kushinda msasa. Kwa hivyo kama pikapu inakula murram kila siku, usingoje kilomita 5,000 za kitabu. Mwaga kwa 3,000. Kama gari linakaa tu na kutoka Jumapili, mwaga kila miezi sita, kwa sababu oili inazeeka hata ikiwa imelala. Na wenye Land Rover za kizamani, ile filta ya hewa inayokaa kwa bakuli la oili inahitaji kuoshwa na kuwekewa oili mpya. Wengi wanaisahau hadi inageuka tope.

Hapa kuna kitu kingine ambacho watu wanakosea wakifufua gari lililolala. Usianze kwa kuwasha. Oili iliyokaa miaka chini ya mwembe imebeba unyevu na asidi. Imwage kwanza. Weka mpya na filta mpya. Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata hadi taa ya oili izime, ndio urudishe plagi na uwashe. Hiyo dakika moja ya subira inaokoa beringi.

Na kama injini imeishi miaka kwa oili mbovu, ndani kuna masizi yameganda. Oili nzuri ina sabuni, itaanza kuyabomoa, na yanaweza kuziba pampu. Kwa hivyo ile oili ya kwanza nzuri usiipende sana. Tembea nayo kilomita 500 hadi 1,000, imwage na filta yake, kisha weka ya kukaa. Ikitoka nyeusi, usishtuke, sabuni imefanya kazi. Ikitoka kama chai ya maziwa, shtuka: maji yameingia, na hiyo sasa ni kazi ya gasketi.

Feki: kopo lako ndilo linakurudia

Sasa tufike kwa ile noma yenyewe. Unaweza kujua namba zote na bado ununue takataka. Oili chafu inakusanywa, inachujwa kiasi, inatiwa rangi, inarudishwa kwa kopo la jina kubwa. Na hilo kopo limetoka wapi? Limetoka kwako. Ulilitupa nje ya gereji likiwa na lebo safi na kifuniko chake.

Kenya tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Feki tangu 2008, na mamlaka yake iko. KEBS nayo iko. Lakini afisa hawezi kusimama kwa kila duka kutoka Tawa hadi Zombe. Mlinzi wa kwanza ni wewe, na silaha yako ni simu. Kwa bidhaa iliyotengenezwa nchini, tafuta alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali chini yake, kisha tuma SM#namba kwa 20023. Jibu litakuambia ni bidhaa gani na kampuni gani. Kama lebo inasema kitu kimoja na simu inasema kingine, rudisha hapo hapo, kwa heshima, lakini rudisha.

Angalia pia ile sili ya kifuniko. Angalia kama tarehe na namba ya bechi zimechapwa kwa kopo lenyewe. Na oili ya kupimiwa kutoka kwa pipa, ile ya "leta chupa nikujazie", inaweza kuwa halali, lakini huna njia ya kujua. Usihatarishe injini ambayo huwezi kuagiza nyingine.

Ukimaliza kutumia, toboa kopo. Kata lebo kwa kisu. Sekunde tatu tu, na umemnyima mkora mtaji.

Ukinunua kwa msee, chunga oili nzito

Labda buda hakukuachia kitu, unanunua mwenyewe. Ujanja mmoja wa kale sana bado unatembea: gari linatoa moshi wa bluu na kugonga, muuzaji anajaza oili nzito sana usiku wa kuamkia siku unakuja. Moshi unapungua, kelele inanyamaza, unaambiwa injini ni ya baba wa kanisa.

Enda asubuhi mapema, injini ikiwa baridi. Vuta kile kijiti cha kupimia, angalia kama oili inadondoka ama inavutika kama asali. Washa, tembea nusu saa, panda mlima, rudi usimame injini ikiwa moto. Taa ya oili ikikonyeza, ama moshi wa bluu ukitoka ukiachilia mafuta kisha ukanyage tena, umeshajua bei halisi. Ringi na valvu haziponi kwa oili. Oili ni chakula, si upasuaji.

Na hii inaenda kuuma zaidi. Mwaka wa 2025 NTSA ilileta rasimu ya kanuni za ukaguzi ambazo zinataka hata gari la kibinafsi lililopita miaka minne likaguliwe kila mwaka. Pikapu za biashara tayari zinapaswa kukaguliwa. Gari mzee linalopumua moshi wa bluu litakuwa la kwanza kuonyeshwa kidole. Ukitaka kutetea haki ya hizi gari kubaki barabarani, na mimi niko upande huo, hoja ya kwanza ni injini safi. Huwezi kusema "ni urithi wetu" huku watoto wa shule nyuma yako wanakohoa.

Ile chafu inaenda wapi?

Hapa wengi watanuna, lakini lazima isemwe. Ukimwaga oili ocha, inaenda wapi? Nusu inapakwa kwa miti ya fensi kuzuia mchwa. Nyingine inamwagwa tu kwa mchanga wa mto, "itapotea".

Haipotei. Kitui na Makueni ndiko tunaishi na mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kwa mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha ndani ya huo mchanga, na kiangazi kina susu wanachimba hapo hapo kuchota maji ya kunywa. Oili ukiimwaga kwa huo mchanga, umeimwaga kwa mtungi wa kijiji. Ile iliyotumika imebeba chuma na masizi, na kuishika kwa mikono mitupu kila siku si salama hata kwa fundi.

Kwa hivyo iweke kwa jerikeni yenye kifuniko, usichanganye na maji wala breki fluidi, na uipeleke kwa gereji ama kituo cha mafuta kinachopokea oili chafu. Kama bado hujapata pa kuipeleka, ikae kwa kivuli. Jerikeni moja kwa stoo haijawahi kuua mtu. Mto umeharibika ukiua mifugo ni stori nyingine.

Sasa turudi dukani

Serikali haitashusha ushuru kesho, na meli haileti 504. Kitu kimebaki mikononi mwako ni hiki kidogo: ukisimama kwa kaunta, ujue unataka nini. Gari lako ni la mwaka gani, linaishi joto la Kibwezi ama baridi ya Nunguni, linabeba maembe ama linabeba picha.

Kwa hivyo wakati muuzaji atakuuliza tena, "Nikupe ya ngapi?", mwangalie kwa macho umwambie: "Ishirini-hamsini, SF kwenda juu, na nionyeshe alama ya KEBS." Atakuangalia mara mbili. Mzee aliyekaa kwa benchi hapo nje naye atageuka, na labda atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Mwambie. Hiyo Pijo walikuwa wanaijua.